Nataka Starlet yangu ipige mluzi, injini ipi?

Wabishi wa Musoma nawajua, maana mimi mwenyewe ni mmoja wao. Jumamosi jioni pale Mwigobero, samaki wa kukaanga mezani, taja tu neno "tabo" uone kila mtu anavyogeuka fundi. Huyu atakwambia chukua injini ya IST uifunge tabo, yule anakuapia kwa babu yake kwamba Starlet yako kama ilivyo inatosha, "bandika tu hilo dude, utapaa!" Basi bwana, ubishi huo nusura uniponze.

Ninayo Toyota Starlet EP82, ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyeupe, injini 4E-FE ya cc 1331. Nusu ya mshiko wa kuinunulia ulitoka kwa Mama kule Butiama, aliyeuza ng'ombe wawili kwa sharti moja tu: kila mwezi siku yake ya kliniki ya presha ikifika, gari liwe mlangoni kumleta hospitali Musoma. Sasa piga picha, mpenzi msomaji, nimeua injini kwa tamaa ya mbio, halafu nimpigie simu kumwambia panda basi. Thubutu!

Utauliza tabo ya nini basi? Sifa zipo, sikatai. Lakini Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi karibu asilimia 12 kuliko ya Dar. Injini ya kawaida inavuta hewa hiyo hiyo haba, ndiyo maana ukipakia watu watano na gunia la mihogo, kigari kinalia kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, inakamata hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa zaidi, petroli zaidi, nguvu zaidi.

Nilikwenda Bunda kwa fundi mmoja mzee ambaye hasemi sana. Nilipomweleza mpango wangu wa kubandika tabo kwenye injini yangu hiyo hiyo, hakubishana nami. Aliingia stoo, akatoka na pistoni, akaniwekea mkononi. Katikati ina tundu, kidole kinapita!

"Mura," akaniambia, "mwenye hii naye alikuwa na haraka."

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo Mwigobero hakuna aliyewahi kunipa. Siri iko kwenye kompresheni, yaani jinsi pistoni inavyobana hewa na petroli kabla cheche haijawaka. Injini yangu ya 4E-FE inabana kwa 9.6 kwa 1. Ile ya IST, 1NZ-FE ya cc 1496, ni 10.5 kwa 1. Hewa inayoingia imekwisha kushindiliwa na tabo, ukiibana tena kiasi hicho joto linapanda, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga. Ikigonga muda mrefu, ndiyo tundu lile.

Toyota wenyewe walilijua hilo. Walipotaka Starlet ya tabo walitengeneza injini yake, 4E-FTE. Ukubwa ni ule ule wa cc 1331, lakini kompresheni wameishusha hadi 8.2 kwa 1, na nguvu ikafika farasi 135. Ndiyo iliyokuwa kwenye Starlet GT Turbo, halafu kwenye Glanza V ya 1996 hadi 1999. Farasi 135 kwenye kigari kisichofika kilo 1,000, wee acha tu!

Siidharau 1NZ. Spea zake ziko kila kona, na ukitaka gari la kwendea kazini hakuna bora kuliko hiyo. Ila kuiingiza kwenye EP82 unaanza kutengeneza mauntingi, waya mpya, halafu bado hiyo 10.5 inakusubiri kwenye kona. Kuna na wale wa 5E ya cc 1496, ndugu wa damu wa 4E. Inaingia vizuri, lakini nayo ukiitaka na tabo itabidi uipunguze kompresheni. Mshiko wa kufungua injini mara mbili mimi sina.

Nikaamua 4E-FTE. Lakini usinunue injini uchi! Hapo ndipo vijana wengi wanapolizwa. Ije na kontroboksi yake, waya zake bila kukatwa, nozeli zake, intakula (kile kirejeta cha kupoza hewa ya tabo), na giaboksi yake ya C52, kwa sababu giaboksi ya Starlet ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Shika ncha ya feni ya tabo kwa vidole uitikise: ikicheza hovyo, rudisha. Na kwa kuwa namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, nenda TRA uibadilishe kabla trafiki wa Makutano hajakuuliza.

Fundi alikataa kuiwasha kabla sijabadili breki. Nilinuna, nikanunua.

Nikafundishwa na adabu mpya. Vumbi la Mara ni sumu ya feni ile, hivyo eakulina inasafishwa kila wiki na oili haicheleweshwi. Ukifika safari usizime gari papo hapo, liache lingurume dakika moja, maana oili ndiyo inayopoza tabo. Majirani wanadhani naringa.

Siku ya kliniki nikamfuata Mama Butiama. Tulipoingia lami nikakanyaga kidogo tu, kadiri ya heshima, mluzi ukatoka kwenye boneti. Mama akageuka.

"Baba, kigari hiki kina nini? Mbona kinapiga mluzi kama mchunga ng'ombe?"

"Ni hewa tu, Mama."

Akanyamaza mpaka tukakaribia Bweri. "Na hiyo hewa," akasema, "umeinunua kwa ng'ombe wangapi?"