Baraza la Sultani Ng'ambo ya Nile

Anayetoka Nimule, mpakani na Uganda, kwenda Juba kwa lori huingia mtaa wa Sherikat kabla hajauona mto Nile. Barabara ya lami ya kilomita 192, iliyokamilika mwaka 2012, hupita katikati ya maduka, gereji na malori yaliyosheheni unga, saruji na mafuta kutoka Uganda na Kenya, kisha huelekea darajani. Ng'ambo ya pili ndiko iliko serikali: wizara, ofisi ya gavana na Bunge la Jimbo la Ikweta ya Kati. Huku mashariki, katika payam (ngazi ya utawala chini ya kaunti) ya Rajaf, wanaishi maelfu ya watu wanaotawaliwa na maamuzi ya huko. Asubuhi huvuka kwenda kazini, kwa daraja kuukuu la chuma au kwa Daraja la Uhuru lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa Mei 2022. Jioni hurudi, na mambo yao ya nyumbani hurudi nao.

Siku ya kawaida bungeni haina makubwa. Kikao hufunguliwa kwa sala, kumbukumbu za kikao kilichopita huthibitishwa, kamati huleta ripoti, mjumbe hutoa hoja juu ya soko au barabara, waziri huitwa ajieleze. Muswada, kwa utaratibu wa Sudan Kusini, husomwa mara nne kabla haujapitishwa. Ni kazi ya uvumilivu na ni kazi ya maana. Lakini wajumbe wake hawakuletwa na kura. Mara ya mwisho watu wa Sudan Kusini walipiga kura kuchagua wawakilishi wao Aprili 2010, kabla nchi haijapata uhuru. Viti vya mabunge ya majimbo hugawanywa kwa mkataba wa amani wa Septemba 2018: asilimia 55 kwa upande uliokuwa serikalini, 27 kwa SPLM-IO, kundi la upinzani la Riek Machar, 10 kwa muungano wa SSOA na 8 kwa vyama vingine. Septemba 2024 uchaguzi ulisogezwa tena mbele, hadi Desemba 2026. Mkazi wa Sherikat anaye mjumbe, lakini mjumbe huyo ametokana na hesabu ya vyama. Sultani wake, kwa upande mwingine, humjua kwa jina la babu yake.

Msomaji wa Unguja asishtuke. Sultani wa Juba hana kasri. Ni chifu, kiongozi wa jamii au wa ukoo, na watu humwita hivyo awe Mbari, Mdinka au Mwacholi. Mimi naamini kwamba anayetaka kujua watu wa Sherikat hujadilianaje, huamuaje na hukubalije kushindwa, aanzie kwenye baraza la sultani, chini ya mti, kabla ya kuvuka daraja kwenda kusikiliza wajumbe.

Sherikat ni mtaa wa watu waliokutana. Ardhi ni ya Wabari tangu enzi, na katika mila yao yuko monyekak, baba wa ardhi, ambaye zamani hakuna aliyelima au kujenga bila kumtambua. Juu ya ardhi hiyo wamekuja Wadinka wengi kutoka Bor na pande nyingine za jimbo la Jonglei, baadhi wakiwa wamehama tangu mauaji ya Bor ya 1991. Wamekuja pia watu wa Ikweta ya Mashariki na waliokimbia vita vya Desemba 2013 na vya 2016. Wako vijana waliokulia Kakuma, kambi iliyofunguliwa Kenya mwaka 1992, ambao Kiswahili chao kina lafudhi ya Turkana na Nairobi. Wako waendesha bodaboda na wachuuzi wa Uganda. Kila jamii ilipohamia ilikuja na wazee wake, na wazee hawakai bila baraza. Ndiyo maana mtaa huu una masultani kadhaa, kila mmoja na watu wake, na kesi ya mtu wa huyu dhidi ya mtu wa yule huwakalisha pamoja.

Baraza lenyewe halihitaji jengo. Mwembe au mwarobaini wenye kivuli kipana unatosha. Mezani hutandikwa kitambaa, nyuma ya meza huwekwa viti vya plastiki vya sultani na wazee wa baraza, na pembeni hukaa karani na daftari lake. Sultani huja na mshipi mwekundu uliopita begani hadi ubavuni, alama ya cheo inayotambulikana nchi nzima. Wenye kesi hukaa mbele, ndugu zao nyuma yao, na nyuma zaidi yeyote anayetaka kusikiliza, kwani baraza halifungwi mlango. Watoto wakitumwa dukani hupitia hapo na kusimama kidogo. Kwa miaka mingi sasa hivyo ndivyo wanavyojifunza sheria za kwao.

Kesi huanza kwa kulipa ada na kuandikishwa. Kisha mlalamikaji husimama na kueleza. Hueleza yote, tangu mwanzo anaoutaka yeye, hata kama mwanzo huo ni miaka kumi iliyopita, siku ndugu wawili walipogawana mbuzi. Hakatizwi. Anayemkatiza huambiwa anyamaze, na akirudia hutozwa faini. Baada yake husimama mlalamikiwa, naye ana haki ileile ya kuanzia mbali. Hufuata mashahidi, kila mmoja akila kiapo kwanza, wengi kwa Biblia na baadhi kwa mkuki kama wazee wao walivyoapa. Kisha wazee wa baraza huuliza, na hata msikilizaji aliyekaa nyuma anaweza kuinua mkono. Lugha hubadilika kadiri watu wanavyobadilika: Kiarabu cha Juba ndicho cha wote, lakini bibi akisema Kidinka au Kibari yupo wa kumfasiria.

Sultani mwenye busara husema mwisho. Wazee hutoa maoni mmoja mmoja, wakati mwingine wakijitenga kando ya mti kushauriana, naye hupima walikoelekea kabla ya kufungua kinywa. Mgeni mwenye haraka huona hapo saa nyingi zimepotea. Mimi naona ndipo penye hekima ya jambo zima, maana watu hawa kesho watakutana kisimani na kanisani, na hukumu isiyomwacha aliyeshindwa na heshima kidogo itarudi barazani kwa sura mbaya zaidi. Mtu akishasikilizwa hadi mwisho huwa amekwisha kulipwa sehemu ya deni lake.

Mambo yenyewe ni ya kila siku: deni la duka, mipaka ya kiwanja, matusi, ugomvi wa walevi, tuhuma za sumu na uchawi, na zaidi ya yote, ndoa. Hapo ndipo baraza hutumia muda wake mwingi, na ndipo mila huonekana zikijipima na mji. Mahari ya Mdinka huhesabiwa kwa ng'ombe. Lakini kijana wa Sherikat anauza vocha za simu au anaendesha bodaboda. Ng'ombe wa ukoo wako mbali Jonglei, au waliibwa, au mafuriko yaliwamaliza. Basi hesabu hubaki ya ng'ombe na malipo huwa ya fedha, na papo hapo ugomvi huzaliwa: ng'ombe mmoja ni pauni ngapi leo, na alikuwa ngapi siku tulipokubaliana? Kwa sarafu iliyoporomoka kama pauni ya Sudan Kusini, swali hilo halina mzaha. Wazee hulijibu kwa kumrudia ng'ombe mwenyewe. Aliyeahidi ng'ombe wanne anadaiwa ng'ombe wanne, bei iwe iwavyo. Jamii kadhaa za Ikweta ziliwahi kulipa mahari kwa majembe ya chuma, na hata leo mbuzi na fedha huenda pamoja, kwa hiyo ndoa ya Mbari na Mdinka huwapa wazee kazi ya kulinganisha mizani mbili. Wanailinganisha. Nadhani hakuna mahali pengine nchini ambapo makabila yanafanya mapatano mengi hivi, madogo madogo, bila kusindikizwa na mjumbe wa kimataifa.

Msichana akipata mimba kabla ya kuolewa, baraza huuliza kwanza kama kijana anaoa. Akikataa, kwa Wadinka kuna aruok, ng'ombe anaotozwa baba ili mtoto awe wa ukoo wake. Asipowalipa, mtoto ni wa ukoo wa mama. Yako mazuri ndani ya desturi hii, kwa kuwa mtoto hakosi ukoo. Liko pia jambo linaloniuma: msichana mwenyewe mara nyingi huulizwa machache, akajibu kwa sauti ya chini huku wajomba na baba wakizungumza juu ya mifugo. Katiba ya Mpito ya 2011 iliahidi wanawake angalau robo ya nafasi serikalini, na mkataba wa 2018 ukaipandisha hadi asilimia 35. Barazani wazee wengi ni wanaume. Ninayaheshimu mabaraza haya kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo nataka mama wa makamo akae nyuma ya meza ile, awe na kauli katika hukumu, kwa kuwa kesi nyingi zinazoletwa hapo ni za maisha yake.

Serikali inayatambua mabaraza haya. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2009 iliyapanga kwa ngazi tatu: mahakama ya A ya chifu mtendaji, ya B katika payam chini ya chifu mkuu, na ya C katika kaunti chini ya chifu mkuu kabisa. Mijini liko pia baraza la mji. Asiyeridhika hukata rufaa ngazi kwa ngazi, na kutoka C huenda kwa hakimu wa serikali. Sheria hiyo hiyo inakataza mabaraza ya mila kusikiliza makosa ya jinai, isipokuwa yenye sura ya mila na yaliyopelekwa huko na mahakama yenye mamlaka. Mauaji ni ya polisi na Mahakama Kuu. Hata hivyo Sheria ya Adhabu ya 2008 iliacha mlango: ndugu wa marehemu wanaweza kuchagua fidia ya damu ya kimila, na muuaji akafungwa kifungo kisichozidi miaka kumi badala ya kunyongwa. Mlango huo ukifunguliwa, masultani huitwa kuhesabu ng'ombe, na hapo mti wa Sherikat na jumba la mahakama hufanya kazi moja.

Wapo wanaosema mabaraza haya ni mabaki ya mkoloni. Kuna ukweli kidogo. Waingereza walitunga sheria ya mahakama za machifu mwaka 1931, wakateua baadhi ya machifu wao wenyewe na kuwapa karani na daftari. Lakini mwanahistoria Cherry Leonardi, katika kitabu chake cha 2013 juu ya machifu wa Sudan Kusini, ameonyesha kuwa watu wenyewe waliwaweka machifu katikati yao na serikali, ili wapate mtu wa kusema na wenye bunduki na makaratasi kwa niaba yao. Kazi hiyo ilimgharimu chifu wakati wa vita, serikali na waasi walipomdai chakula na vijana, na inamgharimu leo. Mishahara ya serikali Sudan Kusini imekuwa ikikaa miezi mingi bila kulipwa, na sultani wa mtaa hayuko mbele ya foleni. Hutegemea ada na faini. Tusione ajabu basi watu wakinong'ona kwamba mwenye kitu husikilizwa mapema. Tanzania nayo ilijiuliza juu ya mabaraza yake ya kata, yaliyoundwa kwa sheria ya 1985. Mwaka 2021 yakanyang'anywa uwezo wa kuamua mashauri ya ardhi na kuachiwa usuluhishi.

Ardhi ndiyo inayowatoa jasho masultani wa Sherikat. Kiwanja kimoja kinaweza kuwa na barua ya boma (ngazi ya utawala chini ya payam), neno la mzee wa Kibari aliyemkaribisha mgeni mwaka 2006, na stakabadhi ya ofisi ya serikali, kila kimoja mkononi mwa mtu tofauti. Baraza halina uwezo wa kumshinda mwenye hati, na pengine mwenye hati ana sare. Wazee hufanya wanachoweza: humwita aliyemkaribisha mgeni, humuuliza mbele ya watu alisema nini siku ile, na majirani huthibitisha mti au kichuguu kilichokuwa mpaka. Ushahidi wa namna hiyo hauandikwi popote, na waliokuwapo siku ile wanazeeka.

Hapo ndipo bunge la ng'ambo linapohusika. Katiba ya Mpito inatambua mamlaka ya jadi, kisha inaliachia bunge la kila jimbo kutunga sheria itakayoeleza nafasi yake katika serikali za mitaa. Kwa hiyo malipo ya sultani, idadi ya wanawake katika wazee wa baraza, nani atunze daftari la karani, na neno la baba wa ardhi lina uzito gani mbele ya stakabadhi, yote ni shughuli halali za siku ya kawaida bungeni. Ningependa kamati itakayoandika muswada huo, kabla haujasomwa mara ya kwanza, ivuke daraja na kukaa barazani tangu kesi ya kwanza hadi ya mwisho, wajumbe wakiwa kwenye viti vya nyuma pamoja na wasikilizaji wengine. Wainue mkono wakiwa na swali, na wasubiri zamu.