Michirizi baada ya kujifungua: Yanayosaidia, yasiyosaidia na krimu za kuepuka

Mama anapojifungua, macho ya wengi huelekea kwa mtoto. Yeye mwenyewe, siku chache baadaye, hujitazama na kukuta mistari tumboni, kwenye mapaja, makalio au matiti. Hiyo ndiyo michirizi ya ngozi. Haiumi, haiambukizi na haihatarishi maisha. Hatari ipo katika baadhi ya vitu ambavyo akina mama huuziwa ili kuiondoa: krimu zisizo na maelezo, mchanganyiko wa mafuta uliopimwa kwenye mikebe, na dawa kali za ngozi zinazouzwa bila cheti cha daktari.

Kaunti ya Kirinyaga ina masoko yenye shughuli nyingi, kuanzia Wang'uru na Kimbimbi hadi Kutus na Kagio. Pesa za mpunga zinapoingia baada ya mavuno, wachuuzi wa vipodozi nao huleta bidhaa zao. Makala haya yanaeleza michirizi ni nini, kipi kinasaidia, kipi hakisaidii, na jinsi ya kutambua krimu inayoweza kumdhuru mama pamoja na mtoto anayenyonya.

Michirizi hutokeaje?

Ngozi ina matabaka. Chini ya tabaka la juu tunaloliona kuna tabaka lenye nyuzi imara zinazoipa ngozi uwezo wa kuvutika na kurudi. Tumbo linapokua kwa kasi, nyuzi hizo huvutwa kupita kiasi na baadhi hukatika. Homoni za ujauzito nazo hulegeza nyuzi hizo na kuzifanya zikatike kwa urahisi zaidi. Mwili huziba pengo hilo kwa kovu jembamba, na kovu hilo ndilo mchirizi.

Ndiyo maana michirizi mingi hujitokeza katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Tafiti katika nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa kati ya nusu na asilimia 90 ya wajawazito huipata. Mama aliyejifungua akiwa na umri mdogo, ambaye mama yake mzazi au dada zake walikuwa nayo, aliyeongeza uzani kwa kasi au aliyebeba mtoto mkubwa ana uwezekano zaidi wa kuwa nayo.

Kwa hivyo, si kweli kwamba michirizi hutokana na mama kujikuna, kutopaka mafuta ya kutosha au kutojitunza. Wavulana na wasichana wanaobalehe huipata wanaporefuka haraka, na hata wanaume wanaonenepa kwa kasi huwa nayo.

Hatua mbili za michirizi

Ikiwa mipya, michirizi huwa na rangi iliyokolea: myekundu au ya zambarau kwa watu wa ngozi nyeupe, na ya kahawia iliyokoza au zambarau kwa watu wa ngozi nyeusi. Wakati huu inaweza kuinuka kidogo na kuwasha. Baada ya miezi kadhaa hadi mwaka au zaidi, rangi hiyo hufifia na mistari hubaki myembamba, iliyobonyea kidogo na yenye rangi hafifu kuliko ngozi iliyo kando yake.

Tofauti hii ni muhimu. Michirizi mipya bado ina damu inayopita na huitikia matibabu kuliko ile ya zamani. Lakini pia hufifia yenyewe. Mama anayetumia krimu yoyote kwa miezi sita na kuona nafuu hawezi kujua kama nafuu hiyo imeletwa na krimu au na muda. Muuzaji naye hujua hilo, na husifu krimu yake kwa kazi iliyofanywa na mwili.

Kipi kinasaidia?

Hakuna dawa, mafuta wala mashine inayofuta michirizi kabisa. Anayeahidi kuimaliza kwa wiki mbili anadanganya. Yafuatayo ndiyo yanayojulikana:

Mafuta ya kawaida. Mafuta ya nazi, ya parachichi, ya zeituni, siagi ya kakao na mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato hulainisha ngozi na kupunguza mwasho. Kwa mama anayerudi shambani na kukaa majini saa nyingi, kunawa kwa maji safi na kujipaka mafuta jioni huzuia ngozi kukauka na kupasuka. Hata hivyo, mafuta hayo hayazuii michirizi. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka wa 2012, yaliyojumuisha majaribio sita na wanawake 800, hayakupata ushahidi kwamba krimu na mafuta ya kupaka huzuia michirizi wakati wa ujauzito. Hivyo, hakuna sababu ya kununua chupa ya bei ghali ikiwa mafuta ya kawaida yapo nyumbani.

Tretinoini. Hii ni dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1996 ulionyesha kuwa inaweza kupunguza urefu na upana wa michirizi mipya. Haitumiwi na mama mjamzito, na anayenyonyesha hashauriwi kuitumia bila kuzungumza na daktari. Hutolewa kwa cheti.

Mwanga wa leza na sindano ndogondogo. Matibabu haya hufanywa na wataalamu wa ngozi, hasa katika miji mikubwa, na huhitaji kurudiwa mara kadhaa. Yanaweza kuboresha mwonekano bila kuondoa michirizi yote. Kwa ngozi nyeusi, leza isiyopimwa vizuri inaweza kuacha madoa meusi yanayokaa muda mrefu kuliko michirizi yenyewe. Anayefikiria njia hii aulize kwanza iwapo mtaalamu huyo ana uzoefu wa kutibu ngozi nyeusi.

Muda. Ni bure, na kwa akina mama wengi ndio unaofanya kazi kubwa zaidi.

Kipi hakisaidii?

Kufunga tumbo kwa leso au mkanda hakuondoi michirizi. Kunaweza kumpa mama hisia ya kushikiliwa, lakini mkanda ukibana sana, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji, unaweza kuumiza kidonda. Mazoezi hukaza misuli ya tumbo, wala hayaunganishi nyuzi za ngozi zilizokatika. Ndimu huchoma ngozi, na ikipigwa na jua huweza kuacha malengelenge na madoa. Dawa ya meno, sabuni ya unga na kusugua kwa jiwe huondoa tabaka la juu tu na kufungua njia ya vijidudu.

Krimu za kuepuka

Aina tatu za viambato zinahitaji uangalifu mkubwa.

Ya kwanza ni steroidi kali za kupaka. Hizi ni dawa halali za magonjwa fulani ya ngozi zinapotolewa na mhudumu wa afya kwa muda maalumu. Zikipakwa kila siku kwa wiki nyingi hufanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu, na moja ya madhara yake yanayojulikana zaidi ni kuleta michirizi mipya. Mama anayezipaka ili kuondoa michirizi anaiongeza. Maneno ya kutafuta kwenye pakiti ni clobetasol na betamethasone.

Ya pili ni haidrokwinoni, inayoandikwa hydroquinone. Huchubua rangi ya ngozi, na ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi yenye rangi ya buluu ambayo ni vigumu sana kuyatibu. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye kiambato hiki pamoja na vile vyenye zebaki.

Ya tatu na ya hatari zaidi ni zebaki. Hupenya ngozi na kuingia kwenye damu. Huharibu figo na neva, na dalili zake ni pamoja na kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za ghafla na kusahausahau. Zebaki haibaki kwa aliyejipaka peke yake. Humfikia mtoto kupitia maziwa ya mama, na pia kupitia mikono, taulo na shuka. Mtoto anayelazwa kifuani pa mama aliyejipaka krimu hiyo anaipata kila siku.

Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki ulianza kutekelezwa mwaka wa 2017. Katika mkutano wa Geneva mwaka wa 2023, nchi wanachama zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki kufikia 2025. Hata hivyo, bidhaa hizo bado hupitia njia za panya.

Jinsi ya kukagua kabla ya kununua

• Soma viambato. Maneno mercury, calomel au mercuric yanamaanisha zebaki.
• Ikiwa maelezo yanaonya kwamba krimu isiguse pete, mkufu, fedha, dhahabu au alumini, hiyo ni ishara nyingine ya zebaki. Irudishe.
• Usinunue krimu isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya kuharibika.
• Usinunue mchanganyiko uliopakuliwa kwenye mkebe mwingine, hata kama muuzaji ni jirani unayemwamini. Huenda naye hajui kilichomo.
• Tafuta alama ya ubora ya KEBS na nambari ya kibali iliyo chini yake. Nambari hiyo inaweza kuthibitishwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023.
• Nunua dawa katika duka la dawa lenye leseni iliyowekwa mahali wateja wanaweza kuiona.

Ikiwa tayari unatumia krimu kama hiyo, nenda kituo cha afya ukiwa na mkebe au pakiti yake. Aliyetumia steroidi kali kwa muda mrefu ajieleze kwa mhudumu ili aelekezwe namna ya kuacha, kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kuifanya ngozi kuwaka na kuvimba. Usimpe mtu mwingine mkebe uliobaki.

Si kila mwasho ni michirizi

Mjamzito anayewashwa sana kwenye viganja na nyayo, hasa usiku, bila upele wowote, aende hospitalini siku hiyo hiyo. Hiyo inaweza kuwa dalili ya tatizo la ini linalohatarisha mtoto aliye tumboni.

Mkaazi wa Mwea anayepata vipele vinavyowasha baada ya kufanya kazi kwenye mifereji au mashamba ya mpunga asidhani ni michirizi. Kichocho kipo katika eneo hili, na mwasho wa aina hiyo unaweza kuwa ishara ya kwanza ya vimelea kupenya ngozi. Kipimo kipo, na dawa ipo.

Na mtu asiye mjamzito anayepata michirizi mipana ya zambarau ghafla, huku uso ukivimba na shinikizo la damu likipanda, anahitaji kupimwa homoni. Steroidi za kumeza au za kupaka ni mojawapo ya sababu.

Mahali pa kupata ushauri

Mama hahitaji kufunga safari maalumu kwa ajili ya michirizi. Kitabu cha mama na mtoto kinaonyesha ziara za mama baada ya kujifungua: ndani ya saa 48, kati ya wiki ya kwanza na ya pili, kati ya wiki ya 4 na ya 6, na kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Mtoto pia huletwa kupata chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Katika ziara yoyote kati ya hizo, mama anaweza kumwonyesha muuguzi ngozi yake na krimu anayotumia. Si jambo la aibu, na si kupoteza muda wa mhudumu.

Zahanati na vituo vya afya vilivyo karibu ndipo pa kuanzia. Kwa wakaazi wa Mwea, Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kimbimbi iko karibu. Anayehitaji uchunguzi zaidi huelekezwa katika hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Kerugoya. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba pia wanaweza kumwelekeza mama mahali pa kwenda.

Waume, mama wakwe na marafiki nao wana sehemu yao. Akina mama wengi hawaanzi kutafuta krimu kwa sababu ya kioo, bali kwa sababu ya neno waliloambiwa. Nyumba ambayo mama hachekwi kwa sababu ya tumbo lililombeba mtoto ni nyumba ambayo mkebe usio na jina hauna kazi.