Makarani Wawili Wanaposubiriana

Mwanafunzi mmoja nimjuaye alikosa nafasi katika chuo fulani, wala si kwa upungufu wa alama. Alilipa sehemu ya karo mapema. Ilibaki karani wa fedha athibitishe malipo, karani wa usajili atoe barua, kisha msimamizi wa mabweni agawe chumba. Kazi zote tatu ziliandikwa katika programu ya kuhudumia wateja ambayo chuo kilikuwa kimeinunua, kila moja na tarehe yake na jina la mwenye kuifanya. Karani wa fedha akaugua wiki mbili. Tarehe ya barua haikutikisika. Ilipopita, mashine, kwa utiifu wake wote, ikaihesabu kazi hiyo kuwa imepitwa na wakati, naye karani wa usajili akaifunga. Nafasi ikapewa mwingine.

Makarani ndio waliolaumiwa. Mimi namlaumu aliyeipanga programu ile. Programu za aina hii, kama vile Siebel, ambayo kampuni yake ilianzishwa mwaka 1993, na Salesforce, ambayo kampuni yake ilianzishwa mwaka 1999, zilikusudiwa hasa wauzaji: ampigie mteja yupi simu, na lini. Kwa shughuli hiyo orodha ya tarehe yatosha. Lakini mtu mmoja akihudumiwa na ofisi tatu, sharti mashine iambiwe kwamba kazi ya pili haianzi kabla ya ya kwanza kukamilika, na kwamba ya kwanza ikisogea, zinazoifuata nazo zisogee.

Wazo hili si geni hata kidogo. Mwaka 1957 Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walibuni njia ya kupanga kazi zinazotegemeana katika ujenzi na ukarabati wa viwanda. Mwaka uliofuata Jeshi la Wanamaji la Marekani likabuni yake kwa ajili ya makombora ya Polaris. Msingi ni kwamba muda wa shughuli nzima huamuliwa na mfuatano ulio mrefu kuliko yote. Kazi zilizo nje ya mfuatano huo zaweza kuchelewa kidogo pasipo madhara. Mwalimu wa hisabati aweza kulifundisha jambo hili kwa mtihani wa majaribio: karatasi hazisahihishwi kabla ya kufanywa, ilhali madawati yaweza kupangwa huku maswali yakichapishwa.

Hata hivyo, yapo makosa ya upande wa pili. Wako wanaofunga kila kazi kwa nyingine, hata zisizohusiana, hivi kwamba mafua ya mtu mmoja husimamisha ofisi nzima. Wengine hufanya mduara: barua isubiri risiti, risiti nayo isubiri barua. Programu iliyoundwa vyema huukataa mduara huo papo hapo. Ofisi zetu, ole wetu, huukubali, na raia huzunguka baina ya madirisha mawili tangu asubuhi hadi makarani waondoke kwenda kula.

Wakuu wa vyuo wangewaita makarani wao, kabla ya kununua chochote, wakawauliza nani humsubiri nani. Yatosha ubao na chaki.

Mwanafunzi yule aliomba tena mwaka uliofuata, kwingineko. Hundi ya kumrudishia fedha zake, nilivyoambiwa, ilikuwa bado yasubiri sahihi.