Goti la Villa Park, Kelele za Kasarani (Sehemu ya Pili)

Jumatano, Juni 17, 2020, saa mbili usiku kwa saa za Kenya, kipenga kililia Villa Park na mpira haukuchezwa. Wachezaji wa Aston Villa na Sheffield United walipiga goti, refa naye akapiga. Migongoni mwao hapakuwa na majina; kila jezi iliandikwa Black Lives Matter. Hiyo ndiyo mechi iliyofungua tena Ligi Kuu ya Uingereza baada ya korona kuisimamisha tangu Machi, na zilikuwa zimepita siku 23 tu tangu George Floyd auawe na polisi mjini Minneapolis.

Wiki kama hiyo, katika mwaka wa kawaida, senta ya Salama ingekuwa imejaa. Salama iko Makueni, kando ya Barabara ya Mombasa, mahali ambapo madereva wa trela huegesha, huagiza nyama na kutafuta runinga yenye mpira. Lakini Juni ile baa zilifungwa kwa amri ya serikali na kafyu ilianza saa tatu usiku, kabla ya mechi yenyewe kumalizika. Waliolitazama goti la Villa Park walilitazama nyumbani au kwenye simu, na wengi wao walikuja kuikumbuka mechi hiyo kwa jambo jingine kabisa: kipa Ørjan Nyland aliudaka mpira na kuvuka nao mstari wa goli lake mwenyewe, mtambo wa kuonyesha bao ukanyamaza, Sheffield United wakanyimwa bao la wazi. Mechi ikaisha sufuri kwa sufuri. Shabiki asilaumiwe kwa kukumbuka bao kwanza. Bao ndilo lililomkalisha mbele ya runinga.

Hata hivyo goti lilimlazimisha kuwa na maoni, na sehemu hii ya mfululizo wetu inahusu maoni hayo.

Huko Uingereza kwenyewe mashabiki waligawanyika mapema. Siku tano baadaye ndege ndogo ilipita juu ya uwanja wa Manchester City ikivuta bango la kuipinga Black Lives Matter, lililoandikwa kwa jina la Burnley, na nahodha wa Burnley, Ben Mee, akasema hadharani kwamba ameona aibu. Desemba 5 mwaka huo mashabiki 2,000 waliporuhusiwa kurudi kwa Millwall, baadhi yao waliwazomea wachezaji wao wenyewe walipopiga goti dhidi ya Derby County. Juni 2021 hata timu ya taifa ya Uingereza ilizomewa mjini Middlesbrough, siku chache kabla ya Euro. Waziri wa Mambo ya Ndani, Priti Patel, aliliita goti siasa za maonyesho na kukataa kuwalaumu waliozomea. Mwezi uliofuata Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka walikosa penalti katika fainali, wakaporomoshewa matusi ya rangi mtandaoni. Patel alipoyalaani matusi hayo, beki Tyrone Mings alimjibu kwamba huwezi kuuchochea moto na kisha ukajifanya umekerwa.

Jibu lililowachanganya watu zaidi lilitoka kwa mchezaji mweusi. Wilfried Zaha, mzaliwa wa Abidjan, alisimama wima Machi 2021 huku wenzake wote wa Crystal Palace na West Brom wakiwa wamepiga goti. Hoja yake ilikuwa kwamba kitendo kile kimegeuka kuwa desturi ya kabla ya mechi, matusi yanaendelea vilevile, na wazazi wake walimfundisha kusimama kwa fahari. Agosti 2022 manahodha wa ligi nzima walikubaliana goti lisipigwe tena kila mechi, libaki kwa siku maalumu.

Zaha aligusa jambo ambalo mashabiki wa Afrika Mashariki hulijadili bila kulitaja: gharama. Ligi ilipolibariki goti, vilabu vikalikubali na wadhamini wakalinyamazia, je, mpigaji goti anapoteza nini? Colin Kaepernick, aliyelianzisha katika mpira wa Kimarekani mwaka 2016, alipoteza kazi. Mchezaji wa Ligi Kuu hakupoteza hata dakika ya mchezo.

Kenya ilikuwa na wafu wake wakati ule. Mwishoni mwa Machi 2020 Yassin Moyo, mvulana wa miaka 13, alipigwa risasi na polisi waliokuwa wakitekeleza kafyu, akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi. Kufikia mwanzoni mwa Juni mamlaka ya kuwasimamia polisi, IPOA, ilikuwa imehesabu vifo 15 vilivyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze, na wakazi wa Mathare waliingia barabarani kuandamana. Wanasoka wa Kenya hawakuwa na mahali pa kupigia goti hata kama wangetaka, kwa kuwa ligi ilikuwa imefutwa Aprili na Gor Mahia kutangazwa mabingwa. Ndiyo maana shabiki wa Kenya aliona haki ya mtu mweusi ikidaiwa kwenye nyasi za Birmingham, kwa lafudhi ya Kiingereza, huku jambo la Kiamaiko likibaki habari ya saa moja jioni.

Tusidhani kwamba Waafrika Mashariki walijifunza kwa Waingereza kuchanganya michezo na madai ya haki. Miaka 44 kabla ya Villa Park walifanya zaidi ya kupiga goti. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya makaburu, ziara iliyoanza wiki chache tu baada ya damu ya wanafunzi kumwagika Soweto. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki ya Montreal. Kamati ya Olimpiki ikakataa, ikisema raga si mchezo wake. Zaidi ya nchi 20 zikasusia, Kenya na Tanzania zikiwemo.

Waliolipa ni wanariadha. Filbert Bayi wa Tanzania alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, akimshinda John Walker mbele ya watu wake, na dunia nzima ilingoja warudiane Montreal. Walker, raia wa nchi ileile iliyosababisha mgomo, alikwenda akatwaa dhahabu bila Bayi. Mike Boit wa Kenya, mshindi wa shaba ya mita 800 mwaka 1972, alikosa kukimbia mwaka 1976, kisha tena mwaka 1980 Kenya ilipoungana na Marekani kuisusia Moscow. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, na alifariki Februari 2024 bila kuwahi kukimbia Olimpiki hata mara moja. Hakuna aliyewauliza kabla ya uamuzi; serikali ziliamua, wao wakafungua mabegi. Lakini ubaguzi wa Afrika Kusini ulibanwa kweli, na kubanwa huko kulitokana kwa sehemu na medali ambazo vijana hawa hawakuzipata. Mwandishi huyu anaamini mgomo ule ulikuwa sahihi. Anaamini pia kwamba Boit na Rono walistahili shukrani kubwa zaidi ya waliyopewa.

Tukirudi kwenye soka, klabu yenye somo pana zaidi kwa wasomaji wa huku ni Arsenal, na si kwa sababu tu jezi zake zinaonekana katika kila kituo cha bodaboda kutoka Salama hadi Mtito Andei.

Desemba 2019 kiungo wao, Mesut Özil, aliandika kuwatetea Waislamu wa Uighur nchini China. Klabu ilijitenga naye haraka, ikisema daima haijihusishi na siasa. Televisheni ya taifa ya China ikaondoa hata hivyo mechi yao na Manchester City kwenye ratiba. Miezi sita baadaye klabu hiyohiyo ilivaa Black Lives Matter mgongoni. Na muda wote huo, kwa mkataba wa Mei 2018, mkono wa jezi yake ulibeba tangazo la serikali: Visit Rwanda. Tangazo la serikali ya nchi, kwa pesa za nchi, si siasa. Maoni ya mchezaji juu ya wanaoonewa ni siasa. Hapo ndipo penye unafiki, na mashabiki waliuona.

Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekwisha kueleza jinsi jeshi la Rwanda linavyowasaidia waasi hao, madai ambayo Kigali huyakana. Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliwaandikia Arsenal, Bayern Munich na Paris Saint-Germain akiwataka waachane na mikataba yao na Rwanda. Mashabiki wa Arsenal waliojiita Gunners for Peace wakabuni kejeli ambayo shabiki yeyote wa London angeielewa: walitengeneza vitambaa vya kufunika tangazo mkononi, vilivyoandikwa Visit Tottenham. Maana yake ni kwamba afadhali utembelee kwa mahasimu wetu wa kaskazini ya London, jambo ambalo hakuna mfuasi wa Arsenal anayeweza kulisema kwa moyo mkunjufu, kuliko kubeba jina lile begani.

Jambo hili halikuwa mbali na Salama. Mizigo inayoshushwa bandari ya Mombasa hupita barabara hiihii kwenda Malaba, Kampala na hatimaye Kongo ya mashariki. Dereva anayeegesha hapa jioni atazame Arsenal, akiwa na jezi yenye jina la Rwanda, anaweza kuwa na shehena ya kwenda Goma nyuma yake. Kwa mtu kama huyo, kuambiwa aache siasa nje ya mpira ni kuambiwa asahau njia anayopita. Novemba 2025 Arsenal na Rwanda walitangaza kwamba mkataba wao utakoma msimu wa 2025/26 utakapomalizika. Tangazo halikusema vitambaa vya mashabiki vilichangia.

Je, nyumbani? Hapa lazima tukubali kwamba wanaoogopa siasa viwanjani wana sababu. Soka ya Kenya ilijengwa juu ya majina ya jamii: Abaluhya FC mwaka 1964, kisha Gor Mahia mwaka 1968, na upinzani wao ulibeba kila mara kitu kizito kuliko mpira. Serikali ya Moi ilipopiga marufuku vyama vya kikabila, Luo Union ikageuka Re-Union na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Gor Mahia ikaendelea kujulikana kama Gor Mahia. Mechi za Gor na Leopards zimewahi kuishia kwa mawe na viti vilivyong'olewa, na mama aliyempeleka mwanawe Nyayo siku kama hiyo hataki kusikia hotuba juu ya uhuru wa kujieleza.

Lakini tazama majina ya viwanja vyenyewe. Kasarani rasmi ni Kituo cha Kimataifa cha Michezo cha Moi. Nyayo ni kaulimbiu ya rais huyohuyo. Katika mashindano ya CHAN ya Agosti 2025 Rais Ruto aliahidi kila mchezaji wa timu ya taifa, Harambee Stars, shilingi milioni moja kwa kila ushindi na nusu milioni kwa sare, na nchi ikapiga makofi. Vijana walipoimba "Wantam" majukwaani, yaani muhula mmoja unamtosha rais, ndipo watu walipokumbuka kwamba mpira na siasa havichanganyiki. Stars walizifunga Kongo, Morocco na Zambia, kila moja bao moja bila jibu, kabla ya kutolewa na Madagascar kwa penalti. Na katikati ya furaha hiyo shirikisho la soka la Afrika, CAF, lilipunguza mashabiki wa Kasarani hadi 27,000 kwa sababu ya vurugu langoni. Shida ilikuwa tiketi na mageti. Wimbo haukuvunja uzio.

Oktoba mwaka huo kiwanja kilionyesha sura yake nyingine. Tarehe 16 maelfu walikwenda Kasarani kuuaga mwili wa Raila Odinga, mlezi wa miaka mingi wa Gor Mahia, askari wakafyatua risasi na watu wakafa. Siku nne baadaye Mashujaa Dei iliadhimishwa Kitui, katika uwanja wa Ithookwe uliokarabatiwa kwa ajili ya sherehe hiyo. Bungoma, Homa Bay, Kericho na Embu viwanja vyao vilipata nyasi na majukwaa kwa njia hiyohiyo: rais alikuwa anakuja. Kijana wa Kitui anayecheza Ithookwe leo anacheza juu ya zulia lililotandikwa na siasa, na wala si dhambi yake.

Kwa hiyo shirikisho, FKF, lina kazi ya kufanya kabla ya mwaka wa mashindano wa 2027. Liandike kanuni za uwanjani kwa Kiswahili, lizibandike kila lango, na zimbane mwanasiasa na bango lake sawasawa na zinavyombana kijana na wimbo wake. Nyimbo za kutukana kabila zipigwe marufuku kwa adhabu inayojulikana. Kumwambia kiongozi kwamba muda wake umetosha kusiwe kosa la uwanjani, kama ambavyo si kosa barabarani.

Muda si mrefu. AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Uganda na Tanzania, na uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 2027.