Unataka kuanza kuwatengenezea watu tovuti? Soma kwanza yaliyonikuta na mama wa magauni



Siku hizi naulizwa sana swali moja: "Kaka, na mimi nataka nianze kuwatengenezea watu tovuti na kuwashauri biashara zao za mtandaoni, nianzie wapi?" Wengi wanaouliza ni watu ambao tayari wanauza Instagram na WhatsApp. Wanajua kupiga picha bidhaa, wanajua kuongea na mteja mgumu, wanatafuta chanzo cha pili cha hela. Wazo ni zuri na kazi ipo. Sikuuzii kozi hapa, nakusimulia nilivyoanza na nilivyoharibu.

Mimi niliishia kidato cha nne. Nina steshenari Morogoro, upande wa Msamvu. Natoa kopi, naprinti, nawaombea watu TIN na mikopo ya chuo, nauza kava na chaja. Mwaka 2021 mama mmoja anayekodisha magauni ya harusi na send-off alikuja kuprinti bei zake, akaniona nimekaa kwenye kompyuta, akauliza kama naweza kumtengenezea tovuti. Nikasema naweza. Ukweli nilikuwa siwezi.

Nikanunua bando la usiku, nikaingia YouTube. Nilikutana na WordPress, programu ya bure ambayo ipo tangu 2003. Unachagua muundo uliokwisha kutengenezwa, unaweka picha na maneno yako, huhitaji kuandika kodi za kompyuta. Wiki tatu nilikuwa nalala saa nane za usiku. Nikamkabidhi mama tovuti yake, akafurahi, akanilipa 150,000/- tuliyokubaliana. Nikajiona fundi.

Siku nilipopiga hesabu ndo nikashtuka. Jina la tovuti pamoja na hostingi, yaani ile sehemu ya mtandaoni inapohifadhiwa, vilikula 95,000/-. Toa bando, toa nauli za kwenda kwake kufuata picha. Nilibaki na hela isiyofika 40,000/- kwa wiki tatu za kukesha. Kopi za shilingi mia zilikuwa zinanilipa vizuri zaidi.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa lilikuja Novemba 2023.

Kama unaijua Moro, unajua kuelekea Desemba ni msimu. Harusi kila Jumamosi. Mama akanipigia asubuhi. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba, halafu akasema taratibu tu: "Mwanangu, kuna bibi harusi kaniambia duka langu halipo."

Nikafungua simu. Kweli. Pale palipokuwa na magauni kulikuwa na ukurasa mweupe wenye matangazo ya watu wengine. Jina lilikuwa limekwisha muda wake siku kadhaa zilizopita. Jina la tovuti huwa hununui moja kwa moja, unalipia kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja mmoja. Mwaka wa kwanza nililipia, wa pili nikalipia kimyakimya kutoka mfukoni kwangu kwa sababu nilisahau kumwambia mama kwamba ipo gharama hiyo. Wa tatu ujumbe wa kukumbusha ulitumwa kwenye barua pepe ya zamani ya dukani ambayo nilikuwa siifungui tena. Na mama alikuwa ameandika anwani ile kwenye mifuko, kwenye risiti, mpaka kwenye bango lake la nje.

Nilibahatika. Jina lake lilikuwa la .com na lilikuwa bado kwenye siku za nyongeza, nikalipia bei ya kawaida likarudi. Ningechelewa zaidi lingeingia kwenye siku 30 za kukomboa, ambapo unalipa na faini juu, na faini yenyewe inaweza kuzidi bei ya jina mara kadhaa. Hapo napo ukipitwa, zinafuata siku 5 ambazo huwezi kufanya lolote, kisha linaachiwa na yeyote anaweza kulichukua. Kuna watu kazi yao ni kuvizia majina ya namna hiyo.

Jambo lingine nililojifunza siku ile: bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni ya ofa. Ya kuendelea ni kubwa zaidi. Kwa hiyo unapompigia mteja hesabu, angalia bei ya kuendelea, usiangalie ile iliyoandikwa kwa maandishi makubwa.

Jioni nikaenda kwa mama kuomba radhi. Nikamweleza mambo ya kulipia kila mwaka. Akashangaa: "Si nilishakulipa?" Na alikuwa na haki, kwa sababu sikuwahi kumwambia. Nikatafuta mfano. Nikamwambia, mama, ni kama fremu hii unayofanyia kazi. Kupaka rangi na kuweka kabati unalipa mara moja, kodi ya fremu unalipa kila mwaka. Akaelewa papo hapo. Kisha akauliza: "Na mkataba wa hiyo fremu umeandikwa jina la nani?"

La kwangu. Akaunti kwa jina langu, barua pepe yangu, namba yangu ya simu.

Akanyamaza kidogo, akasema: "Na siku usipokuwepo, mwanangu?"

Hakugomba. Ningependa angegomba. Nilirudi nyumbani nikiwaza, nikipata ajali ya bodaboda kesho, huyu mama wa watu anakwenda kumwuliza nani? Nilikuwa nimeshika biashara yake mkononi kama funguo za nyumba ya jirani, na mimi mwenyewe sijui nimeziweka wapi.

Tangu hapo sisajili kitu kwa jina langu. Mteja anakuja dukani, tunakaa, tunafungua akaunti ya jina la tovuti kwa barua pepe yake, namba za uthibitisho zinakuja kwenye simu yake, analipa yeye. Mimi ananipa ruhusa ya kufanya kazi, na siku akitaka kunitoa ananitoa.

Sasa hapa kuna kazi ambayo hakuna video ya YouTube itakayokuambia. Wateja wetu wengi hawaijui barua pepe yao. Ilifunguliwa na kijana aliyewauzia simu, nywila anaijua yeye, au aliiweka tu ilimradi simu iwake. Ukisajili tovuti kwa barua pepe ya aina hiyo umejenga juu ya mchanga. Kwa hiyo kikao cha kwanza mara nyingi kinaishia kufungua barua pepe mpya ya biashara, kuweka namba ya kurejeshea, na kuandika kila kitu kwenye daftari. Daftari kabisa, la karatasi. Namwambia mteja aliweke pale anapoweka cheti chake cha TIN. Kuna wataalamu watacheka, wanasema nywila haziandikwi. Wacheke. Mimi nimeona nywila nyingi zikisahaulika kuliko nilivyoona madaftari yakiibwa.

Na bei nikaivunja vipande. Hii ni kazi yangu, unalipa mara moja. Hivi ni vya kila mwaka, unalipa mwenyewe kwa wenyewe. Hii ni ya matunzo, ukitaka nikubadilishie picha na bei, unanilipa kwa mwezi. Hutaki, nakufundisha ufanye mwenyewe. Yote kwenye karatasi moja, tunasaini wawili. Nusu kabla sijaanza. Bila nusu sifungui hata kompyuta, hata kama ni rafiki, na hasa kama ni rafiki.

Upande wa ushauri niliuingia bila kupanga. Mwaka 2023 alikuja dada mmoja anauza mikoba Instagram, anataka tovuti, hela anayo mkononi 300,000/-. Ningeweza kuichukua. Ila nikamwuliza unapata oda ngapi kwa wiki? Tatu, nne. Wanaouliza ni wangapi? Wengi tu. Wanapotelea wapi? Hajui. Tukafungua kurasa zake pamoja. Kila picha, "bei inbox". Nikamwambia ukweli: tatizo lako siyo tovuti. Andika bei. Fungua WhatsApp Business uweke bidhaa kwenye orodha yake, ni bure. Weka biashara yako kwenye ramani ya Google, nayo bure, ili mtu aliyepo Moro akitafuta mikoba akuone. Tovuti rudi uiulize mauzo yakikaa sawa.

Nikamtoza 10,000/- ya kikao na karatasi yenye mambo ya kufanya. Nilijisikia mjinga, nimeacha laki tatu nikachukua elfu kumi. Rafiki yangu wa duka la jirani mpaka leo ananitania.

Miezi miwili baadaye yule dada akaniletea mjomba wake mwenye loji Mikumi. Huyo sasa tovuti alikuwa anaihitaji kweli. Wageni wa nje hawaendi kulala mahali ambapo hawajapaona, wanataka vyumba, bei, umbali kutoka geti la hifadhi, na mahali pa kuandika tarehe zao. Alinilipa 650,000/-, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata mpaka siku hiyo. Aliniambia alinichagua kwa sababu mpwa wake alimwambia "huyu atakuambia kama huhitaji". Na treni ya SGR ilipoanza kuja Moro mwaka 2024, tukaongeza ukurasa wa wageni wa wikiendi wanaotoka Dar.

Kwa huyo huyo mjomba nilikataa kitu kimoja. Alitaka wageni watume picha za pasipoti zao kupitia fomu ya tovuti. Nikamwambia hapana, waonyeshe wakifika mapokezi. Nchini kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na mimi sina uwezo wa kulinda pasipoti za watu. Usikusanye kitu ambacho huwezi kukilinda. Jina, simu na tarehe vinatosha kumwekea mtu chumba.

Sasa vile vidogo vidogo vya kazi, nivipitie haraka.

Mteja wa mteja wako anafungua kwa simu, tena kwa bando. Picha iliyotoka kwenye kamera ya simu inaweza kufika MB 4 au 5. Ukiweka kumi za namna hiyo, mtu anaondoka kabla gauni la kwanza halijatokea. Zipunguze ziwe chini ya KB 200 kila moja. Kabla sijakabidhi, nazima Wi-Fi na kujaribu kwenye simu ndogo ya bei rahisi niliyoiweka dukani kwa kazi hiyo.

Kitufe cha WhatsApp wengi wanakikosea. Anwani yake ni wa.me/ ikifuatiwa na namba inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Ukiandika 07 hakifanyi kazi, na mteja wako hatajua, ataona tu hakuna anayemtafuta.

Na kinachochelewesha kazi siyo kompyuta, ni picha na maelezo. Mteja anasema "nakutumia kesho", kesho inakuwa miezi miwili. Siku hizi naenda mwenyewe siku moja na simu yangu, napiga picha, nauliza bei, naandika pale pale, na siku hiyo naitoza. Kama tayari unauza mtandaoni, hapa unawazidi hata waliosomea kompyuta, maana kupiga picha bidhaa na kuielezea mpaka mtu akaitaka ni kazi unayoifanya kila siku.

Kwa mtaji, mimi nilianza na kompyuta ya mtumba na bando. Usikodi ofisi. Kama unataka kujifunza, tengeneza kwanza tovuti ya biashara yako, ikae mwaka mzima, uone jina likifika muda wa kulipiwa linavyokuletea ujumbe. Hapo ndo mchukue mteja.

Mama wa magauni bado tuko naye. Tulihamisha kila kitu kwenda kwa jina lake, ilichukua siku nzima kwa sababu ya barua pepe niliyokuwa nimeisahau. Novemba iliyopita nilimpigia kumkumbusha, nikakuta alishalipa tangu wiki ya nyuma. Akasema: "Kodi nimelipa baba. Sasa njoo upige picha, kuna magauni mapya yameingia, na njoo mapema kabla jua halijawa kali."