Kuzuia mbio katika futiboli ya vyuo vikuu

Kuzuia mbio ni sehemu ya ulinzi katika futiboli ya Kimarekani, mchezo wa wachezaji 11 kila upande. Lengo lake ni kumwangusha mapema mpinzani anayekimbia na mpira mikononi. Makala hii inahusu mchezo huo kama unavyochezwa katika vyuo vikuu vya Marekani.

Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10 (takriban mita 9). Ikipata yadi nne kwa kila mbio, haihitaji kurusha mpira kabisa. Ikikwama katika jaribio la kwanza, mara nyingi hulazimika kurusha, na walinzi huwa wanalitarajia hilo.

Mianya
Katika mstari wa mbele wa washambuliaji kuna watu watano, na kati yao na pembeni mwao kuna mianya sita. Kila mwanya huwa na mlinzi wake. Kosa la kawaida si unyonge bali haraka: mlinzi anauacha mwanya wake ili aufuate mpira, na mkimbiaji anageuka na kupita palepale alipotoka. Kocha anaweza kumsogeza mbele mlinzi wa nyuma ili kuongeza idadi, lakini hapo mpira ukirushwa mbali nyuma kunabaki watu wachache.

Mbio za kuchagua
Mtihani mgumu zaidi ni mfumo ambao kiongozi wa mashambulizi, yaani kwotabeki, huchagua wakati mchezo ukiendelea: ampe mpira mkimbiaji wa kati, abaki nao, au amtupie mwenzake wa pembeni. Mlinzi mmoja huachwa makusudi bila kuzuiwa. Akimfuata huyu, mpira unaenda kwa yule. Dawa yake ni kumgawia kila mlinzi mtu mmoja wa kumkaba, awe na mpira au asiwe nao.

Chuo Kikuu cha Texas kilianza kutumia aina ya mfumo huo mwaka 1968, na kikashinda michezo 30 mfululizo. Mfululizo huo ulikatizwa tarehe 1 Januari 1971 katika Cotton Bowl mjini Dallas, Notre Dame iliposhinda 24–11. Kocha Ara Parseghian aliwapanga walinzi wake wafanane na mpangilio wa wakimbiaji wa Texas, kama taswira katika kioo.

Takwimu
Takwimu za vyuo zisomwe kwa uangalifu. Kwotabeki akiangushwa kabla ya kurusha, yadi alizopoteza hutolewa katika hesabu ya mbio; katika ligi ya kulipwa, NFL, hutolewa katika hesabu ya mipira iliyorushwa. Kwa hiyo timu ya chuo iliyoruhusu yadi 120 za mbio halisi, kisha ikamwangusha kwotabeki kwa hasara ya yadi 40, huandikiwa kuwa imeruhusu 80 tu.