PAMPU YA MAJI NA MKANDA WA FENI: KAZI YA KUFANYA KABLA YA MSIMU

Ndugu Wanachama,

Karafuu mbichi haingoji. Ikishatoka mtini yapasa ichambuliwe na kuanikwa upesi. Ikilundikana guniani usiku kucha huvuta joto na kuchacha, na ikija kukauka huwa imenywea na rangi imefifia, wala haipati bei ya karafuu safi. Hili kila mmoja wetu alilijua tangu utotoni. Lakini siku hizi baina ya mkarafuu na jamvi aghalabu pana gari, na gari husimama njiani kwa sababu ya vitu vidogo. Viwili katika hivyo ni pampu ya maji na mkanda unaoizungusha. Mtu mwenye subira na spana za kutosha aweza kuvibadilisha uani kwake kwa muda wa nusu siku, na inafaa aifanye kazi hiyo sasa, kabla mikarafuu haijawa tayari kuchumwa.

Ili maelezo yasielee hewani, tumechukua mfano wa gari moja: Land Rover Series III ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, iliyotengenezwa baina ya 1971 na 1985. Injini yake iko wazi na pampu yake huonekana mara tu boneti inapofunguliwa. Mwenye gari nyingine ambayo pampu iko mbele ya injini na huzungushwa na mkanda wa nje ataweza kufuata maelezo haya kwa mabadiliko madogo. Walakini zipo injini nyingi ambazo pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi uliofichwa ndani ya kifuniko. Mkanda huo ukirudishwa nje ya alama zake hata kwa jino moja, injini yaweza kuharibika. Mwenye gari ya namna hiyo na aiachie kazi hii kwa fundi.

KAZI YA PAMPU NA MKANDA

Injini inapochoma petroli hutoa joto jingi mno. Maji hupita kando ya silinda, huchukua joto, hwenda kwenye rejeta kupozwa na upepo, kisha hurudi. Pampu ndiyo inayoyasukuma. Ndani yake mna gurudumu dogo lenye mapanga, mna ekseli na beringi ya kuibeba, na mna sili ya kuzuia maji yasiifikie beringi. Sili ikichoka, maji hutoka kwa kitundu kidogo kilicho chini ya shingo ya pampu. Kitundu hicho kimewekwa kusudi, ili maji yatoke nje kabla hayajaiharibu beringi, na ili mwenye gari apate habari. Asikizibe mtu kwa gundi wala kwa sabuni.

Mkanda wa gari hii ni mmoja, wenye umbo la kabari, nao huzungusha pampu pamoja na feni na alteneta. Kwa hivyo ukikatika, mambo mawili hutokea pamoja: taa nyekundu ya chaji huwaka, na sindano ya joto huanza kupanda. Dereva akiona yote mawili, asiseme nitafika tu, hapa karibu. Na asimamishe gari hapo hapo. Injini ikizidi joto, gasketi ya silinda hedi huungua, na hedi yenyewe yaweza kupinda au kupasuka. Hapo gharama si ya mkanda tena, ni ya injini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

DALILI ZA KUTAZAMA

Asubuhi, injini ikiwa baridi na imezimwa, fungua boneti utazame haya:

Kwanza, chini ya pampu. Ukiona michirizi ya kutu, au alama za rangi ya dawa ya rejeta zilizokauka, sili imekwisha.

Pili, shika mapanga ya feni uyatikise mbele na nyuma, juu na chini. Yakicheza, beringi imelegea. Beringi iliyokufa yaweza kuitupa feni ndani ya rejeta, na hapo utanunua vyote viwili.

Tatu, sikiliza. Mlio wa kukwaruza unaotoka mbele ya injini aghalabu ni wa beringi. Mlio mkali wa kupiga kelele unapowasha gari au unapokanyaga mafuta aghalabu ni wa mkanda unaoteleza.

Nne, pindua mkanda uutazame upande wa ndani. Ukiwa na nyufa, umechanika kingo, umelowa mafuta, au ubavu wake unang'aa kama kioo, uondoe. Mkanda hushika puli kwa mbavu zake. Ukilika hata ukagusa chini ya mfereji wa puli, huteleza hata ukiukaza vipi.

VITU VYA KUWA NAVYO

Usifungue hata nati moja kabla kipuri hakijawa mkononi mwako. Kisiwani petu vipuri vingi huvuka bahari, na gari iliyofunguliwa haiwezi kwenda kuvichukua. Nunua pampu mpya pamoja na gasketi yake, mkanda mpya, na mipira ya maji ikiwa ya zamani imevimba au imekuwa migumu. Linganisha pampu mpya na picha ya ile ya zamani, utazame mahali pa matundu ya bolti na urefu wa shingo.

Uwe pia na spana za inchi, kwani spana za milimita hukaribia kutosha kisha huzikwangua nati. Tayarisha bisibisi, kisu kisicho kikali cha kukwangulia, matambara safi, beseni pana, kipande cha kadibodi na dawa ya rejeta.

KUFUNGUA

1. Acha injini ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta hubana maji kwa nguvu, na maji yaliyobanwa huweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Ukikifungua yakiwa na moto, huchemka yote kwa mara moja na kukurukia usoni. Kama mkono hauwezi kukaa juu ya rejeta, ngoja.

2. Weka gari mahali pa tambarare, tia breki ya mkono, tia mawe kwenye magurudumu, toa ufunguo. Ondoa waya hasi wa betri.

3. Tegesha beseni, fungua koki ya chini ya rejeta na ile ya ubavuni mwa injini, kisha fungua kifuniko cha juu. Zitatoka kiasi cha lita 10. Usiyamwage uani. Dawa ya rejeta ina ladha tamu na ni sumu. Watoto, mbuzi na paka huivutiwa. Itie ndani ya chombo chenye kifuniko na ukiweke mbali nao.

4. Ondoa kizuizi cha upepo kinachozunguka feni, kama kipo. Legeza bolti za alteneta, isukume kuelekea injini, utoe mkanda. Kisha fungua feni na puli yake. Angalia feni imetazama wapi, maana ikigeuzwa nyuma mbele haivuti upepo sawasawa.

5. Legeza klipu uitoe mipira ya maji iliyoshikana na pampu: ule mkubwa utokao chini ya rejeta, ule mfupi uendao juu kwenye nyumba ya thamostati, na wa hita kama upo. Mpira ukigoma usiuvute kwa nguvu ukaja na shingo yake. Ukate, ununue mwingine.

6. Fungua bolti za pampu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani bolti hizi hazilingani urefu. Chora umbo la pampu juu ya kadibodi, na kila bolti unayoitoa ichomeke mahali pake kwenye mchoro. Bolti ndefu ikitiwa tundu fupi hugota kabla haijakaza, nawe ukilazimisha utapasua chuma.

7. Pampu ikiwa imeng'ang'ania, igonge kidogo kwa mpini wa mbao huku na huku. Usitie bisibisi katikati ya nyuso mbili ukazitanua, kwani kila mchubuko utakuwa njia ya kuvujia maji.

KUFUNGA

Ziba tundu la injini kwa tambara, kisha kwangua gasketi ya zamani mpaka chuma kionekane safi. Fanya kwa upole. Sehemu hii humaliza saa nzima, na ndiyo sehemu inayoamua kama kazi itavuja au haitavuja. Ondoa tambara. Pampu nyingi zilizofungwa vizuri zilikuja kufunguliwa tena kwa sababu ya tambara lililosahauliwa.

Paka gasketi mpya grisi nyembamba pande zote mbili ili ikae mahali pake, kisha weka pampu. Rudisha kila bolti kwenye tundu lake kwa vidole kwanza. Zikishashika zote, kaza kwa spana kidogo kidogo, ukivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, ili pampu ikae sawa. Hizi ni bolti nyembamba. Zikaze barabara kwa mkono mmoja, wala usiongeze bomba kwenye spana. Zungusha ekseli kwa mkono: inapasa izunguke laini bila kugota. Rudisha mipira na klipu, puli na feni.

KUKAZA MKANDA

Mkanda mpya usiingizwe kwa kuutanua kwa bisibisi juu ya ukingo wa puli. Nyuzi zake za ndani hukatika bila kuonekana, na utakatika barabarani baada ya siku chache. Isogeze alteneta mpaka mwisho, mkanda utaingia wenyewe.

Kisha vuta alteneta nje kwa kijiti cha mbao kilichoegemezwa upande wa puli yake, si upande wa nyuma, ukaze bolti. Bonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya puli ya pampu na puli ya chini: ubonyee kiasi cha sentimita moja. Ukilegea huteleza, injini hupata joto na betri haipati chaji. Ukikazwa mno huivuta beringi ya pampu upande mmoja, nawe utakuwa umeiua pampu mpya kwa mkono wako.

Mkanda mpya hunyooka kidogo. Upime tena baada ya safari za siku ya kwanza, na mara nyingine baada ya wiki.

KUTIA MAJI

Wapo wanaosema dawa ya rejeta ni ya nchi za barafu, sisi haituhusu. Si hivyo. Dawa hiyo huzuia kutu ndani ya injini na rejeta, na hupandisha kiwango cha kuchemka. Maji matupu huleta kutu, na vumbi la kutu huisaga sili. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo, aghalabu nusu kwa nusu, na utumie maji yaliyotoneshwa au maji safi ya mvua. Maji ya visima vya karibu na pwani yana chumvi. Hayafai kabisa.

Funga koki zote mbili. Kama kuna hita, ifungue upande wa joto. Tia maji polepole ili hewa itoke, na ubinye mpira wa juu mara kwa mara. Rudisha waya wa betri.

KUJARIBU

Toa spana zote juu ya injini, kunja mikono ya kanzu au shati, na watoto wakae mbali na feni. Washa gari, liache lingurume taratibu mpaka mpira wa juu wa rejeta upate moto. Tazama chini ya pampu na kwenye kila klipu. Kisha zima, acha ipoe kabisa, fungua kifuniko uongeze maji yaliyopungua. Aghalabu hupungua kidogo, kwani hewa iliyokuwa imebaki imetoka.

Safari ya kwanza na iwe fupi na bila mzigo. Vilima vyetu vitaijaribu injini vya kutosha. Gari likipanda na kurudi bila sindano kupita mahali pake pa kawaida, kazi imekuwa.

NENO LA MWISHO

Mkanda wa zamani, ikiwa haujapasuka, usiutupe. Uweke chini ya kiti pamoja na spana mbili na dumu la maji safi. Kamba ya nailoni au kipande cha khanga si mkanda, ingawa njiani watu watakushauri hivyo.

Na ikitokea gari likasimama na mzigo wa karafuu mbichi, ushughulikie mzigo kwanza. Fungua magunia, zitandaze karafuu juu ya turubai zipate hewa, au zihamishie kwenye gari la mwenzio. Gari laweza kulala njiani likaamka kesho likiwa vile vile. Karafuu haziwezi.

Wasalaam,
Katibu